Hisabu Huanza Nyumbani



Ndugu zetu Waislamu wa Gazi, Msambweni, Diani na vitongoji vyote vya pwani hii ya kusini, twataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo wengi hulidhania dogo, nalo ni hisabu ya mtoto aliye baina ya miaka 3 na 6.

Mzazi akiulizwa, "Je, mwanao ajua hisabu?" hujibu kwa furaha, "Ajua, afika mpaka ishirini." Basi na amwambie mtoto huyo alete vijiko vitano kutoka jikoni. Wengi wataleta kadiri mkono ulivyoshika. Mtoto huyo hajajua hisabu. Amehifadhi majina yake tu. Hisabu ni kukipa kila kitu neno moja, kisichoachwa kimoja wala kurudiwa kimoja, na kufahamu kwamba neno la mwisho ndiyo idadi ya vyote. Hapana tofauti na mtu asomaye aya kwa sauti nzuri na maana yake haijui: ulimi umefanya kazi, na akili bado ina deni.

Wako wasemao kwamba hiyo ni elimu ya dunia, na mtoto wa Kiislamu yamtosha chuo. Twawajibu: katika Suratul Israa Mola wetu ametueleza kwamba usiku na mchana ni ishara mbili, ili tupate kujua idadi ya miaka na hisabu. Rakaa za faradhi kwa siku ni 17. Zaka ya fedha ni fungu 1 katika 40. Mirathi katika Suratun Nisaa yamesimama juu ya nusu, robo, thumni, thuluthi mbili, thuluthi na sudusi. Al-Khwarizmi, aliyeandika kitabu chake cha aljebra Baghdad katika karne ya 9, alitenga sehemu kubwa ya kitabu hicho kwa mas-ala ya wasia na mirathi. Basi asiyejua hisabu, haki ya yatima yaweza kupotea mkononi mwake naye hana habari. Na mpunjaji wa mizani ameonywa vikali katika Suratul Mutaffifin; lakini mwenye kupunjwa atatambua vipi, ikiwa hakufundishwa kupima?

Nasi watu wa Gazi hatuna udhuru, kwani mji wetu waishi kwa vipimo. Vibaba 4 ni pishi 1, na kwa pishi wazee wetu walitoa zaka ya Fitri. Boriti za mikoko zilihisabiwa kwa korja, yaani 20. Mvuvi hugawa samaki mafungu sawasawa. Na tangu mwaka 2013, mradi wa Mikoko Pamoja wa Gazi na Makongeni umekuwa ukihifadhi hekta 117 za mikoko na kuuza hisabu ya kaboni iliyofungika humo, na fedha zake zimesaidia maji na shule. Miti hiyo hupimwa unene na urefu. Lau hapangekuwa na ajuaye kupima, tungeuza nini?

Tena mfano mwema tunao karibu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakuu wa Waislamu wa Mombasa waliona watoto wao wanaachwa nyuma katika shule, wakaomba msaada kwa Aga Khan. Pakaanzishwa mpango wa shule za watoto wadogo ndani ya madrasa, na Bi Swafiya Said akawa miongoni mwa waliouasisi. Dini na hisabu zilikaa mkeka mmoja. Vifaa vilitengenezwa kwa vitu vya hapa petu. Na wazazi waliingia katika kamati za kuziendesha. Mpango huo ulifika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Siri yake haikuwa mali peke yake. Siri yake ni kwamba mzazi hakuachwa nje ya mlango.

Leo baba hulipa ada, akarudi barazani akiona amekwisha deni lake. Hakika hajakwisha. Mtume wetu ametufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Mwalimu ana watoto wengi na saa chache. Wewe una mtoto wako usiku na mchana.

Basi twawausia haya. Mama apimapo mchele, mtoto ashike kibaba naye ahisabu. Baba aletapo samaki, mtoto agawe: wangapi kwetu, wangapi kwa jirani, wangapi wamesalia. Apange viatu jozi jozi, apime mkeka kwa shubiri. Akikosa, asipigwe wala asichekwe; ahisabu tena polepole, akigusa kimoja kimoja. Binti afundishwe sawa na mvulana, kwani naye ana fungu lake katika mirathi. Na mzazi aende kwa mwalimu amuulize mtoto amefika wapi, asingoje kuitwa kwa mashtaka.

Hayo hayahitaji fedha. Yahitaji mzazi aliye karibu. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kujihisabu nafsi zetu kabla ya kuhisabiwa, na awape watoto wetu elimu yenye manufaa. Amin.