Ujira wa Halali na Bei ya Dhamiri

Kila mwaka wakati wa Noeli twasikia kanisani habari za Yosefu, fundi maskini wa Nazareti, aliyefunga safari pamoja na Maria aliye mjamzito ili akaandikwe katika mji wa baba zake. Amri ilitoka kwa mtawala wa mbali, tena mpagani, na njia ilikuwa ndefu. Hata hivyo Yosefu alikwenda. Injili haitutajii jina la karani aliyekaa mezani kule Bethlehemu. Lakini karani alikuwako, na yamkini alikuwa na ujira wake.

Habari hiyo ilitujia moyoni katika zile siku saba, tangu 27 Desemba 2024 hadi 2 Januari 2025, Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilipoboresha Daftari la Kudumu la Wapiga Kura katika mikoa ya Iringa na Mbeya. Ulikuwa wakati wa kilimo, na shangwe za Noeli zilikuwa hazijatulia. Wakulima wa Kilolo na Mufindi, wa Rungwe na Mbarali, waliacha mashamba yao wakaenda vituoni kuandikwa, kusahihisha habari zao au kuhamisha majina yao. Mezani walimkuta mwandishi msaidizi pamoja na mwendeshaji wa mashine ya bayometriki, ile ipigayo picha ya uso na kuchukua alama za vidole. Hadi nchi nzima ilipokwisha kupitiwa, majina zaidi ya milioni 37 yalikuwa yameandikwa.

Kazi za namna hiyo, yaani kuandikisha watu, kuwaongoza siku ya kura, na kuwapa elimu ya mpiga kura vijijini, hutolewa kwa muda tu, na vijana wengi wasomi huzikimbilia. Twapenda leo kusema nao, na pia na wazazi wao. Wanafunzi wetu wa Mkwawa na wa Ruaha kule Iringa, wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya na wa vyuo vingine, wanaporudi nyumbani kwa likizo ndefu hutafuta fedha kidogo ya pango, ya nauli na ya vitabu. Je, yafaa walipwe kwa kuwatumikia raia wenzao katika jambo la kura? Na kama yafaa, walipwe na nani?

Wako wazee wasemao kwamba utumishi kwa taifa haufai kuulizwa bei. Hao hukumbuka mwaka 1966, serikali ilipowataka wasomi waingie Jeshi la Kujenga Taifa na kupokea asilimia 40 tu ya mshahara kwa miezi 18. Tarehe 22 Oktoba wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandamana kupinga. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao wapatao 400. Lakini siku hiyo hiyo alitangaza pia kuupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Twaona hapo funzo la pande mbili. Msomi aliyesomeshwa kwa jasho la wakulima ana deni kwao; na mkubwa amwambiaye kijana ajinyime, na aanze yeye kujinyima.

Lakini kujinyima si sawa na kudhulumiwa. Bwana wetu mwenyewe alifundisha kwamba mtenda kazi astahili malipo yake, na yule mwenye shamba la mizabibu hakumwacha hata kibarua wa saa ya mwisho aende zake mikono mitupu. Kijana atembeaye toka kitongoji hadi kitongoji, juani na mvuani, alala ugenini na kula kwa fedha yake. Tukisema afanye bure, tutabakiwa na watoto wa wenye nacho tu, kwani ndio wawezao kufanya bure. Mtoto wa mjane wa Pawaga hataweza. Basi twasema wazi: ujira wa haki katika kazi hii si aibu. Na ulipwe mapema, ukiandikwa na kutiwa sahihi.

Hatari iko penginepo. Kuna fedha ya namna mbili, nazo hufanana sana zikiwa mfukoni. Ya kwanza ni ujira. Karani wa Tume, kabla hajagusa mashine, hula kiapo cha kutunza siri, tena hutia sahihi tamko kwamba yeye si mwanachama wa chama chochote cha siasa, au kwamba amejitoa. Fedha alipwayo imenunua saa zake na miguu yake; haikununua ulimi wake. Ya pili ni fedha ya mgombea. Huja jioni bila karatasi, pamoja na fulana, mafuta ya pikipiki na maneno matamu: wewe msomi, kijiji chakusikiliza, tuletee vijana wenzako. Fedha hiyo hainunui saa. Yanunua imani waliyo nayo majirani kwa mtoto waliyemlea.

Zamani jambo hilo lilipewa jina zuri, takrima, kana kwamba ni ukarimu wa mwenyeji kwa mgeni wake. Mwaka 2000 liliingizwa hata katika sheria ya uchaguzi. Lakini Aprili 2006 Mahakama Kuu ilitamka kwamba takrima ni kinyume cha Katiba, kwani humwondolea maskini usawa wake mbele ya tajiri. Na mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Hatusemi kwamba kijana asiipende siasa wala asikitumikie chama chake. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano uliusifu utumishi wa siasa ufanywao kwa ajili ya manufaa ya wote. Twasema tu kwamba mtumishi wa chama na ajulikane kuwa ni wa chama, alipwe waziwazi, wala asijivike joho la mwalimu wa wote.

Hapa kijana mwema atatukatiza. Atasema: Padre, mwatuhimiza kuandikisha watu, nanyi mlikuwa wapi Oktoba 2025? Swali hilo ni la haki, nasi hatutalikwepa. Katika uchaguzi wa 29 Oktoba 2025 chama kikuu cha upinzani hakikuwamo katika karatasi ya kura. Intaneti ilizimwa, na damu ya watu, wengi wao vijana, ilimwagika katika miji ya nchi yetu. Maaskofu wetu walilaani mauaji hayo, na misa za kuwaombea marehemu ziliadhimishwa. Kuna nyumba ambamo hata leo sahani moja haiandaliwi tena. Kijana aliyeandikisha jina la rafiki yake mwezi Januari, akamzika kabla mwaka haujaisha, hatuna neno jepesi la kumpa.

Lakini twamwomba atafakari jambo moja. Daftari lile si mali ya serikali wala ya chama. Ni orodha ya watu. Kila jina lililomo lashuhudia kwamba mtu huyu yupo, na kwamba hakuna awezaye kusema kwa niaba yake bila kumwuliza. Karani mwaminifu peke yake hawezi kuuponya uchaguzi uliopotoka. Lakini karani mwovu aweza kuuharibu hata ule ulionyooka. Waaminifu wakijitenga kwa uchungu, meza zile hazitabaki tupu. Watakaa wale waliofuata mfuko.

Tena kazi hii haingoji mwaka wa uchaguzi. Mwaka 1970, katika kampeni ya redio iliyoitwa Uchaguzi ni Wako, watu walikaa vikundi vikundi kuizunguka redio wakajifunza habari za kura, kisha wakajadiliana. Leo tunazo Jumuiya Ndogondogo kila mtaa, na wanafunzi wawezao kusoma Katiba na kuieleza kwa lugha ya nyumbani. Yafaa parokia, kwa kufuata kibali na taratibu za Tume kuhusu elimu ya mpiga kura, zichague vijana wachache kila likizo ndefu, ziwape nauli, chakula na posho ya haki kutoka mfuko ujulikanao, na hesabu isomwe mbele ya waamini. Wasichukue hata shilingi ya mgombea. Wasimtaje mgombea yeyote. Wawafundishe watu kuitisha mkutano mkuu wa kijiji na kudai hesabu za kijiji, na wawasaidie bibi vizee kukagua majina yao.

Na mwanafunzi aanze na jina lake mwenyewe. Mwaka 2010, katika watu milioni 20 walioandikwa, hawakufika milioni 9 waliopiga kura. Kati ya waliokosa walikuwamo wanafunzi walioandikwa vyuoni, kisha vyuo vikafunguliwa baada ya uchaguzi wa 31 Oktoba, nao wakawa mbali na vituo vyao. Mwalimu wa wapiga kura asiyejua kituo chake ni sawa na kengele: huwaita watu kanisani, yenyewe hubaki nje.

Ninyi wazazi, mtoto arudipo jioni na fedha, msifurahie tu kwamba amepata. Mwulizeni kwa upole: mwanangu, nani amekupa, na kwa kazi gani? Nabii Samweli alipozeeka alisimama mbele ya Israeli yote, akawauliza ni ng'ombe wa nani aliyemtwaa, na ni kwa mkono wa nani alipokea rushwa ya kumpofusha macho. Watu wote walimshuhudia kwamba hakutwaa kitu. Alikuwa amewatumikia tangu ujana wake. Twawatakia vijana wetu wa Iringa na Mbeya ushuhuda wa namna hiyo katika vijiji vyao wenyewe, kwa watu wale wale waliowaandika. Mtakatifu Yosefu, mtenda kazi, awaombee.