Uchuro au Wema?

Kwetu mtu akitaja msiba ambao haujatokea huambiwa, "Acha uchuro." Kulitaja baya ni kama kuliita. Sasa mtu anayejua kwamba nyumba ya jirani yake haitahimili tetemeko la ardhi, je, anyamaze au aseme?

Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko lenye ukubwa wa 5.9 liliipiga Bukoba na sehemu nyingine za Kagera. Watu zaidi ya 10 walikufa na maelfu ya nyumba ziliharibika. Ardhi haikummeza mtu; kilichoua ni kuta. Matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa udongo hubeba paa miaka mingi bila taabu, kwa kuwa uzito hushuka wima. Tetemeko husukuma kwa ubavu. Pembe za nyumba huachana, na ule ukuta wa pembetatu ulio chini ya paa huwa mwepesi wa kuanguka. Wahenga walituusia kuziba ufa, lakini nyumba ya namna hii huenda isioneshe ufa wowote mpaka siku yenyewe.

Mwaka uliofuata nilimfuata fundi mmoja mzee aliyeitwa kukagua nyumba ya mama mjane. Alikwisha kuninong'oneza kwamba haina lenta wala nondo. Mama alipouliza, "Baba, ni nzima?" fundi alijibu, "Nzima, mama. Mungu yupo." Tulipotoka akanieleza: "Hana hela ya kujenga upya. Nimnyime na usingizi?"

Neno hilo lina huruma, wala silidharau. Lakini huruma ya aina hiyo imekwisha kupimwa kwingine. Huko L'Aquila, Italia, ardhi ilitikisika kidogo kidogo kwa miezi. Tarehe 31 Machi 2009 wataalamu walikutana, na ofisa mmoja akawaambia wananchi kwenye televisheni kwamba hakuna hatari. Wenyeji wengi walikuwa na desturi ya kulala nje ardhi inapotikisika. Baadhi yao, wakiisha kutulizwa, walibaki ndani. Alfajiri ya tarehe 6 Aprili watu 309 walikufa. Wataalamu sita na ofisa huyo walihukumiwa mwaka 2012. Mwaka 2014 mahakama ya rufaa iliwaachia huru wale sita, na ofisa akapunguziwa adhabu.

Siku ya tetemeko hakuna aijuaye. Lakini anayekagua nyumba hapigi ramli. Yeye husema tu kwamba ukuta huu ukisukumwa utaanguka, na utaangukia hapa. Kulificha hilo ni kumwamulia mwenzako jambo la uhai wake.

Hata hivyo, kumtisha mtu na kumwacha hapo ni ukatili. Mwenye kusema na ataje la kufanya. Jioni ile, kwa ridhaa ya mzee, nilirudi kwa mama yule nikamweleza udhaifu wa ukuta, nikamwomba ahamishe kitanda. Alinitazama kitambo, kisha akasema, "Kumbe ni hilo tu? Shika upande huo, mwanangu."

Pengine miaka 30 itapita bila tetemeko, na watu waseme tuliwatisha bure. Gharama hiyo ni yetu sisi tunaosema, nayo ni ndogo. Gharama ya kunyamaza hulipwa na aliyelala ndani.