Somo la 9: Siku Isiyouzwa Sokoni

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya Somo la Juma Hili: Kumbukumbu la Torati 5:12-15, Danieli 1:8, 1 Samweli 2:30, Walawi 23:26-32, Isaya 58:3-14, Waebrania 11:32-40, Ayubu 1:9-11.

Fungu la Kukariri: Danieli 3:17, 18. Darasa lisome mafungu haya mawili kwa sauti na kuyakariri pamoja, bila kuliacha la pili.

Mtu anapofanikiwa, washiriki husema upesi kwamba Mungu amemlipa kwa uaminifu wake. Anapoanguka, watu hao hao huanza kuulizana ni dhambi gani ameificha. Kauli hizi mbili zinaonekana kupingana, lakini mzizi wake ni mmoja. Zote mbili huchukulia kwamba utii ni mtaji na mafanikio ni faida yake.

Juma hili somo linalipima wazo hilo kwa maisha ya watu watatu wa mchezo wa besiboli nchini Marekani. Mmoja alikuwa Mwadventista Msabato, wa pili Myahudi, na wa tatu Mmethodisti. Kila mmoja alikuwa na siku ambayo hakuwa tayari kuiuza, na matokeo ya kila mmoja yalikuwa tofauti.

JUMAPILI: Soko la Majira ya Baridi

Besiboli ya ligi kuu ya Marekani huchezwa karibu kila siku. Kila timu hucheza michezo 162 kabla ya kufika hatua ya kutafuta bingwa. Fainali zikiisha, viwanja hunyamaza kwa majira yote ya baridi, lakini ofisi za timu hazilali. Huo ndio wakati wa kupanga vikosi upya.

Anayefuatilia soka anaweza kufikiria dirisha la usajili, ila kuna tofauti. Katika soka, timu kwa kawaida hulipa ada ili kumpata mchezaji. Katika besiboli, mara nyingi timu mbili hubadilishana watu, wawili wakitoka huku na wawili kule. Mchezaji ambaye mkataba wake haumpi haki ya kukataa anaweza kupigiwa simu asubuhi na kuambiwa kwamba sasa ni wa timu ya mji mwingine. Hufunga mizigo yake akahama.

Wanaopanga vikosi hupima nguvu ya mkono, umri na gharama. Kazi yao ni halali. Hata hivyo, mtu anayepimwa hivyo kila mwaka anaweza kuanza kujipima hivyo yeye mwenyewe.

Soma Kumbukumbu la Torati 5:12-15. Ni sababu gani ya kuishika Sabato inayotajwa hapa, ambayo haitajwi katika Kutoka 20:8-11?

Musa anawakumbusha Israeli kwamba walikuwa watumwa. Kwa Farao, thamani ya mtu ilikuwa idadi ya matofali aliyofyatua (Kutoka 5:6-19). Mungu alipowatoa huko, aliwapa siku moja katika juma ambayo hakuna ahesabuye matofali, wala kwa bwana wala kwa mtumwa wake. Sabato humwambia mtu kwamba alikuwa na thamani kabla hajaanza kazi.

JUMATATU: Mkono Wenye Siku Moja Isiyopatikana

Mwezi Septemba 1985, kijana wa miaka 19 kutoka Puerto Rico, Edwin Correa, alianza kucheza ligi kuu akiwa na timu ya Chicago White Sox. Alikuwa mrushaji, yaani yule anayemrushia mpira mpigaji wa timu pinzani kwa namna ambayo ni vigumu kuupiga. Alikuwa pia Mwadventista Msabato, na tangu machweo ya Ijumaa hadi machweo ya Jumamosi hakurusha mpira.

Novemba mwaka huo huo Chicago ilimpeleka Texas Rangers, katika mabadilishano yaliyowahusu pia Scott Fletcher, Wayne Tolleson na Dave Schmidt. Texas ilipokea mkono wenye nguvu pamoja na siku moja ya juma ambayo mkono huo haupatikani, tena siku ya Jumamosi, ambayo ni siku kubwa ya michezo.

Lakini kazi ya mrushaji anayeanza mchezo ina utaratibu wake. Hurusha siku moja, kisha hupumzika siku nne hivi ili mkono upone, huku wenzake wakipokezana. Kwa hiyo zamu inaweza kusogezwa. Mwaka 1986 Correa, akiwa na miaka 20, alianza michezo 32. Alishinda 12, akashindwa 14, na kuwatoa wapigaji 189 walioshindwa kuipiga mipira yake. Timu yake ilimaliza ya pili katika kundi lake.

Ni rahisi kusema kwamba ushindi 12 ulikuwa thawabu ya Sabato. Anayesema hivyo na aeleze pia ile michezo 14 aliyoshindwa ilikuwa adhabu ya nini.

Soma Danieli 1:8. Danieli alifanya uamuzi wake lini, kabla ya sahani kuwekwa mbele yake au baadaye?

Hapa ndipo imani inapoigusa kazi ya mtu kwa namna inayoonekana. Aliyekwisha kuamua moyoni hahitaji kuamua upya kila Ijumaa jioni. Anayemwajiri naye anajua tangu mwanzo anashughulika na mtu wa namna gani, na anaweza kupanga zamu.

JUMANNE: Siku ya Upatanisho, 1965

Sandy Koufax wa Los Angeles Dodgers alikuwa mmoja wa warushaji bora wa wakati wake. Katika msimu wa 1965 alishinda michezo 26 na kuwatoa wapigaji 382. Timu yake ilifika fainali za ubingwa dhidi ya Minnesota Twins, na mchezo wa kwanza ukapangwa Oktoba 6. Siku hiyo ilikuwa Yom Kippur, Siku ya Upatanisho ya Wayahudi.

Koufax hakurusha siku hiyo. Don Drysdale alichukua nafasi yake, na Dodgers wakafungwa 8-2. Kesho yake Koufax alirusha, naye akashindwa. Kisha alishinda mchezo wa tano. Oktoba 14, baada ya kupumzika siku mbili tu, alirusha mchezo wa saba na wa mwisho bila kuruhusu wapinzani kupata hata alama moja. Dodgers wakawa mabingwa, naye akachaguliwa mchezaji bora wa fainali.

Soma Walawi 23:26-32. Kwa nini siku hii ilikuwa na uzito wa pekee kwa Israeli?

Koufax hakuwa mtu wa kushika kila desturi ya dini yake. Lakini alitoka katika watu ambao siku hiyo wanaifahamu hata wale wasioingia sinagogi mwaka mzima. Utamaduni wa dini hufanya kazi hivyo. Kabla mtu hajafikia umri wa kutoa hoja, nyumba na ibada vimekwisha kumfundisha yeye ni wa nani. Mtoto anayeona nyumba ikifagiliwa na chakula kikipikwa kabla ya jua la Ijumaa kuzama, hupokea fundisho ambalo hakuna hotuba inayoweza kulitoa.

Mhubiri anayekisimulia kisa hiki huvutwa kukianzia kwenye mchezo wa saba, penye shangwe. Lakini uamuzi wa Koufax ulikuwa umekamilika Oktoba 6 jioni, timu yake ikiwa nyuma na watu wakihesabu hasara. Kama Dodgers wangeshindwa Oktoba 14, je, uamuzi ule ungepungua thamani mbele za Mungu?

JUMATANO: Mpangaji wa Vikosi

Branch Rickey wa Ohio alikuwa Mmethodisti. Siku yake ilikuwa Jumapili, si Sabato ya amri ya nne, lakini aliichukulia kwa uzito. Mwaka 1904 alijiunga na Cincinnati Reds, na walipojua kwamba hachezi Jumapili, aliachishwa kabla hajawachezea hata mchezo mmoja. Alipata timu nyingine baadaye, lakini hakupata kuwa mchezaji mkubwa.

Jina lake lilikua ofisini. Akiwa St. Louis Cardinals alijenga mfumo wa timu ndogo za kukuzia vijana, mfumo ulioigwa na ligi nzima. Akiwa Brooklyn Dodgers alifanya usajili unaokumbukwa kuliko wote. Oktoba 23, 1945, msimu ukiwa umekwisha, Jackie Robinson, mtu mweusi na Mmethodisti mwenzake, alitia sahihi mkataba na timu ya Montreal iliyokuwa chini ya Dodgers. Aprili 15, 1947 Robinson aliingia uwanjani na Brooklyn. Ukuta uliowafungia weusi nje ya ligi kuu kwa takriban miaka 60 ukabomoka.

Imani ya Rickey ilichangia uamuzi huo. Hata hivyo, picha yake ina upande mwingine. Jumapili yeye hakwenda uwanjani, lakini timu zake zilicheza na mapato ya mlangoni yakahesabiwa. Na alipomchukua Robinson kutoka Kansas City Monarchs, timu ya weusi, hakuwalipa chochote.

Soma Isaya 58:3-7, kisha fungu la 13 na la 14. Kuna uhusiano gani kati ya kuiheshimu siku takatifu na kumtendea haki mfanyakazi?

Nabii hatenganishi mambo haya. Watu wa wakati wake walifunga na kuomba huku wakiwabana waliowafanyia kazi. Amri ya nne nayo inamtaja mtumwa, mjakazi na mgeni. Mwadventista anayefunga duka lake siku ya Sabato lakini anamwachia kijana wa kazi zamu ya siku hiyo, au anamcheleweshea mshahara hadi mwezi wa tatu, ameshika nusu ya amri.

ALHAMISI: Hata Kama Hatawaokoa

Mwaka 1987 bega la Edwin Correa liliumia. Alishinda michezo mitatu tu, akashindwa mitano, na hakurudi tena ligi kuu. Alikuwa na miaka 21. Sabato aliyoishika mwaka wa bega zima ndiyo aliyoishika mwaka wa bega bovu.

Soma Waebrania 11:32-40. Ni nini kinachobadilika katikati ya fungu la 35?

Orodha inaanza na waliofunga vinywa vya simba na kuponyoka upanga. Kisha, bila onyo, wanaingia wengine waliopigwa, waliofungwa na waliouawa kwa upanga. Mwandishi hasemi kwamba kundi la pili lilikuwa na imani pungufu. Anawaweka wote katika sentensi moja ya sifa.

Vijana watatu mbele ya tanuru walilijua hilo. Walikiri kwamba Mungu aweza kuwaokoa, kisha wakamwambia mfalme kwamba hata asipowaokoa hawataisujudia sanamu. Jibu hilo ndilo linalomnyamazisha Shetani, ambaye katika Ayubu 1:9-11 alidai kwamba hakuna amchaye Mungu pasipo faida.

Afrika Mashariki inao watu wa orodha hii. Nchini Uganda, wanafunzi watatu Waadventista wa Chuo Kikuu cha Makerere walikwenda Mahakama ya Katiba kupinga masomo na mitihani kuwekwa siku ya Sabato. Ombi lao lilikataliwa mwaka 2003, na mwaka 2006 Mahakama ya Juu ikaikataa rufaa yao. Zamu yao haikusogezwa kama ile ya Correa.

Soma 1 Samweli 2:30. Mungu anaahidi kuwaheshimu wanaomheshimu. Je, heshima hiyo lazima iwe cheti, cheo au kikombe?

IJUMAA: Mawazo Zaidi

Utamaduni wa dini huwajenga watu. Kiasi, pumziko, kutimiza neno na kuishi kwa ratiba ni mazoea yanayomsaidia mtu shuleni, kazini na hata uwanjani, na kanisa halina sababu ya kuyaonea haya. Lakini mazoea hayo yakigeuzwa kuwa ahadi ya mafanikio, atakayeumia kwanza ni yule ambaye uaminifu wake umemgharimu.

Makanisa mengi humwalika mbele binti aliyehamishiwa mtihani wake siku nyingine akafaulu. Ni vema. Lakini katika kiti cha nyuma huenda ameketi mwenzake aliyekataliwa ombi hilo hilo na kurudia mwaka, na hakuna aliyemwomba atoe ushuhuda. Akisikia Sabato baada ya Sabato kwamba Mungu huwafungulia milango walio waaminifu, atajiuliza yeye alikosa nini.

Maswali ya Kujadili:

1. Kanisa lenu linafanya nini kwa mshiriki aliyepoteza kazi au mwaka wa masomo kwa ajili ya Sabato, baada ya kumwombea?

2. Je, kuna tofauti kati ya kumshukuru Mungu kwa mafanikio na kuyatumia mafanikio kuthibitisha kwamba ushikaji wa Sabato unalipa? Toeni mifano.

3. Correa alikuwa na kazi ambayo zamu zake zinaweza kupangwa. Muuguzi, askari na mlinzi wanakutana na magumu gani yaliyo tofauti? Darasa liwasaidieje bila kuwahukumu?

4. Fikiria mshiriki mmoja ambaye uaminifu wake haukuishia kwenye ushindi. Ni nani atakayemtembelea juma hili, na atamwambia nini?