Mdudu wa Bandia

Kuiga ni tabia ya kale ya binadamu, na hukumu yake haijakatwa hata leo. Mtoto humwiga mama yake akajua kusema. Mwanafunzi humwiga mwalimu wake akajua kuandika. Walakini mtu aigaye sahihi ya mwenziwe hutiwa kifungoni. Neno ni moja, lakini matendo ni mbalimbali. Katika insha hii twataka kuuliza kama kuiga ni kudanganya. Na kwa kuwa maswali makubwa aghalabu hupimwa vema kwa vitu vidogo, tutachukua kitu kidogo kabisa, nacho ni mdudu afungwaye kwa uzi na manyoya juu ya ndoana, ili samaki amdhanie kuwa mdudu wa kweli.

Sanaa hii si ngeni duniani. Aelian, mwandishi wa Roma aliyeishi katika karne ya pili na ya tatu, alieleza jinsi watu wa Makedonia walivyozungushia ndoana sufu nyekundu na kuitia manyoya mawili ya jogoo, wakavua samaki waliozoea kula nzi wa mtoni. Afrika ya Mashariki ilikuja kuijua kwa sababu ya samaki aitwaye trauti, ambaye alitiwa katika mto Gura, Kenya, mwaka 1905. Siku hizi mafundi wa Kenya, na wanawake wengi wamo, hufunga wadudu wa bandia ambao huuzwa Ulaya na Marekani; na hivyo samaki wa mto wa mbali huhadaiwa na mkono usiopata kuuona mto huo.

Mtu wa Morogoro atakaye kuanza kazi hii hana haja ya kwenda mbali. Vyombo vyake ni vichache: jiliwa dogo la kushikia ndoana, uzi mwembamba, nta, mkasi, na manyoya ya shingo ya jogoo. Chombo kikubwa kuliko vyote ni jicho. Na afuate njia ya kupanda Morningside, katika milima ya Uluguru, asimame penye kijito kiendacho kasi, ageuze jiwe moja na kutazama chini yake. Huenda akamkuta mdudu mwembamba mwenye miguu sita, mikia mitatu kama nywele, na matamvua ya kuvutia pumzi mbavuni. Wataalamu humweka katika jamii ya efemeroptera. Akikua hupata mbawa na kutoka majini, lakini hana tena kinywa cha kulia, na maisha yake ya hewani huhesabiwa kwa saa au kwa siku chache.

Wahenga walisema kuwa ukiona vyaelea, vimeundwa. Walisema habari za vyombo vya bahari, lakini mdudu wetu naye huundwa vivyo hivyo, hatua kwa hatua. Mwenye kuanza hupaka uzi nta na kuuzungusha juu ya ndoana mpaka chuma kifunikwe. Huweka mikia kwanza, maana kazi hutoka nyuma ikaenda mbele. Kisha hufanya tumbo la pingili kumi, jembamba mkiani na nene kifuani. Kisha hutia miguu, na kila mguu ni unywele mmoja wa unyoya uliopigwa fundo ili upate goti. Kichwa huja mwisho.

Mdudu wangu wa kwanza alikuwa na miguu minne. Nilimwonyesha rafiki yangu kwa fahari. Akahesabu kimya, kisha akaniuliza ni nani aliyeikata miwili. Nilitahayari, kwa kuwa tangu utoto nilijua kuwa mdudu ana miguu sita, na lau ningaliulizwa katika mtihani ningalijibu sawasawa. Lakini mkono hauwezi kuunda kile ambacho jicho halijakiona, na kumbe mimi nilikuwa nimesikia habari za miguu sita bila kuitazama. Ilinibidi nirudi mtoni. Tangu siku ile nasadiki kuwa aigaye kwa uaminifu hulazimika kwanza kuijua kweli, na kwamba kuiga kwa namna hii ni mwalimu mkali kuliko kitabu.

Labda mtu atasema kuwa hata maumbile hudanganya. Yuko kipepeo katika misitu ya Afrika, na Tanzania imo, aitwaye Papilio dardanus. Dume wake ana mbawa za manjano zenye mikia. Majike wengi wa bara hawana mikia hiyo, nao huvaa rangi za vipepeo wa jamii nyingine ambao ndege huwachukia kwa ladha yao mbaya. Roland Trimen aliieleza siri hii mwaka 1869. Ikiwa kipepeo hana lawama, mbona mvuvi alaumiwe? Jawabu ni kuwa kipepeo hakukusudia. Rangi yake ni urithi, wala hakuichagua. Binadamu hukaa mbele ya meza yake akijua atakalo, na pasipo nia hapana hatia wala sifa. Maumbile yaweza kutufundisha ufundi, lakini hayawezi kutuondolea dhamana.

Liko na jambo jingine la kustaajabisha. Wavuvi wazoefu husema kuwa mdudu afananaye mno na wa kweli, kwa kila goti na kila pingili, mara nyingi hushindwa na furushi la manyoya yasiyo na umbo, kwa sababu yule wa kwanza ni mkavu kama sanamu, na huyu wa pili hutikisika majini kama mwenye uhai. Basi ule ufanano kamili ulikuwa kwa ajili ya nani? Yakini haukuwa kwa ajili ya samaki. Ulikuwa kwa ajili ya jicho la mtu, ambalo hujua kuwa linaona bandia, na hufurahi kwa kujua hivyo. Hapo hapana aliyedanganywa.

Kwa hiyo naona kuwa uongo haukai katika manyoya, hukaa katika ndoana iliyofichwa chini yake. Mvuvi atafutaye kitoweo ana jawabu lile lile la mwenye dema. Lakini amuumizaye samaki kwa mchezo yafaa ajiulize zaidi. Na sisi tusomao tuna ndoana zetu. Mwanachuo anakilipo fikira za mwenziwe na kuzitia jina lake, hakutazama chini ya jiwe lolote, naye ameficha ncha kwa ajili ya msomaji. Kila uigaji na uulizwe mambo mawili: je, umeitazama kweli? Na je, chini yake mna nini?

Hata hivyo kuna sharti la tatu, nalo ni kubwa kuliko haya. Wadudu wa kijito kile huhitaji maji safi yenye hewa, na maji yakichafuka huwa miongoni mwa wa kwanza kutoweka. Vijito vya Uluguru huulisha mto Ruvu, ambao maji yake hunywewa Dar es Salaam. Siku mdudu wa kweli atakapotafutwa chini ya mawe asionekane, huyu wa bandia aliye mezani pangu, ingawa sasa ana miguu sita na pingili kumi, atageuka kuwa shahidi wa uongo. Kwani atakuwa akisema kuwa yuko, ilhali hayuko.