Dhamana ya Kusifu Kitabu

Asifuye kitabu kwa mwenzake huchukua dhamana. Msomaji humkopesha saa zake, na saa zikipotea hazilipiki. Dhamana hii ni nzito zaidi kwa riwaya za ajabu, ambazo msomaji hawezi kuzipima kwa dunia aijuayo. Mtu akiambiwa kuwa Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, ni hadithi ya nchi iliyo hewani, ameambiwa nusu ya kweli. Atatafuta maajabu ya anga, naye atakuta baraza, mshitakiwa Karama, na habari za wajumbe sita waliofungwa waliporudi na mema. Akiambiwa kuwa ni fumbo la utawala dhalimu tu, amenyimwa furaha ya safari. Vivyo hivyo katika Walenisi ya Katama Mkangi, ya mwaka 1995, chombo kirukacho ni mlango, si nyumba.

Basi haki ni ipi? Si kunyamaza, maana kitabu kisichotajwa hufa kabatini. Haki ni kusema kilichopendeza, kilichochosha, na sababu zake, kisha kumwachia msomaji hukumu. Asemaye sifa tupu ni mchuuzi. Asemaye lawama tupu amejifanya hakimu. Msomaji anahitaji shahidi.