Muungwana ni Kitendo

Bibi yangu hakuwa na desturi ya kumaliza methali. Ukikaa barazani ukajigamba namna utakavyomsaidia jirani aliyefiwa, yeye aliendelea kusuka ukili wake, macho hayainui, kisha akasema tu: "Ada ya mja hunena..." Akanyamaza. Kilichobaki ulikimalizia mwenyewe moyoni, huku umeshainuka kutafuta ndoo ya maji ya kupeleka msibani.

Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipouonja ukali wa methali ile. Mja, kwa maana yake ya zamani, ni mtumwa. Muungwana ni aliyezaliwa huru. Uungwana pwani ulikuwa wa damu, ukirithiwa kama shamba la minazi. Lakini methali haikusema muungwana ni mwana wa fulani bin fulani. Imesema ni kitendo. Huenda aliyeitunga alikuwa bwana aliyetaka kumbeza mtumwa wake kwa domo lake; kama ndivyo, ulimi ulimteleza. Ikiwa uungwana ni kitendo, mlango hauna tena bawabu.

Chuma aliupita mlango huo. Alikuwa kijana wa Kiyao, akatekwa utumwani, akakombolewa mwaka 1861 katika nchi ambayo leo ni Malawi. Miaka 12 baadaye, mwanzoni mwa Mei 1873, mwajiri wake, mmisionari David Livingstone, alifariki kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo. Chuma alikuwepo, pamoja na Susi, mtu wa Shupanga kando ya Zambezi, na wenzao wengine. Mwajiri amekufa, pwani iko mbali, ujira hauna shahidi. Wangemzika hapo hapo kila mtu akashika njia yake, na nani angewauliza?

Walimtoa moyo na matumbo wakayazika chini ya mti. Mwili wakautia chumvi, wakauanika juani kama wiki mbili, wakauzungushia nguo, wakaufunga ndani ya gome la mti, wakauinua begani kuelekea pwani. Safari ilichukua miezi tisa hivi. Walikuwa wangali njiani mwezi Juni, Sultani Barghash alipolifunga soko la watumwa la Unguja. Walipofika Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, afisa Mwingereza aitwaye Cameron aliwashauri wauzike mwili pale, yaishe. Wakakataa.

Mbele zaidi wenyeji hawakutaka maiti ipite kwao. Basi Chuma na wenzake wakafunga mabua ya mtama, wakayavika sanda, wakawatuma watu wayarudishe nyuma kana kwamba maiti inakwenda kuzikwa Unyanyembe. Mwili wenyewe wakaufunga upya ukafanana na mtumba wa nguo za biashara, wakapita nao. Ni udanganyifu, sikatai, na wapenda maadili yaliyonyooka kama rula watakunja uso. Mimi huipenda sehemu hii kuliko zote. Kwa nje mtumba, ndani amana. Na aliyejua kilichomo ni yule tu aliyekuwa akihisi uzito wake begani.

Februari 1874 wakaikabidhi amana Bagamoyo. Walilipwa ujira wao, meli ikaondoka na mwili. Livingstone alipozikwa Westminster Abbey, London, tarehe 18 Aprili, Chuma na Susi hawakuwepo kaburini; walifika Uingereza baadaye, mazishi yameshapita.

Wapagazi wa misafara ya enzi zile walikuwa na jina walilojiita wao wenyewe, hata wale ambao kisheria walikuwa bado mali ya watu: waungwana. Sidhani kama mabwana wa nyumba za mawe na minazi waliofuga nasaba zao walilifurahia. Jina hilo wapagazi hawakuachiwa na baba yeyote. Walilibeba pamoja na pembe na majora ya nguo, bara hadi Manyema, na Kiswahili walichokiacha huko Kongo kikaja kuitwa Kingwana.