Hukumu ya Ukuta

Kazi ya fundi hukaguliwa na wawili: jicho na wakati. Jicho hutoa hukumu siku ile ile, fundi asubiripo ujira wake. Wakati hutoa yake baada ya masika kadhaa, fundi amekwisha kwenda zake. Mwenye nyumba mwadilifu afuate hukumu ipi?

Tutazame nyumba za Mji wa Kale, Mombasa. Nyingi zina kuta za mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa, na dari za boriti za mikoko. Tumbawe lina vitundu. Hunywa maji ya mvua na unyevu wa ardhi, pamoja na chumvi. Chokaa huupitisha unyevu huo, na ukuta hukauka. Inapofika siku ya ukarabati, fundi mmoja hupiga lipu ya saruji, na kwa siku chache ukuta huwa laini kama sahani. Mwingine hupiga lipu ya chokaa, tabaka juu ya tabaka, akingoja kila moja ishike. Kazi yake huchelewa, na ukuta wake hufuata umbo la mawe. Mtazamaji wa haraka humsifu wa kwanza. Lakini saruji huufungia unyevu ndani. Chumvi hukusanyika nyuma yake, lipu hufura, huachana na jiwe na kuanguka. Wahenga walinena: uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi.

Sisemi kwamba jicho lidharauliwe, wala kwamba kila kombo lisamehewe kwa jina la ukale. Mlango usiofunga ni kasoro, na timazi haina upendeleo. Saruji nayo si ovu. Huzifaa nyumba za matofali ya saruji. Hukumu ya haki huanza kwa kuuliza kazi ilikusudiwa kutenda nini. Kisha hugonga ukuta kwa kidole, maana mlio mtupu hufichua lipu isiyoshika. Tena huchungulia chini ya ngazi, mahali ambapo fundi hakutarajia mgeni.

Je, lipu ikianguka, lawama ni ya nani? Mwenye nyumba aliyetaka ukuta ung'ae kabla ya arusi ya wiki ijayo, kwa bei ya chini kuliko zote, amenunua sura; hawezi kudai kwamba aliuziwa uimara. Hata hivyo fundi hatoki bila deni. Yeye aliyajua mawe yale, mwenziwe hakuyajua. Ajuaye akanyamaza amedanganya, ijapokuwa hakutamka neno.

Vijana, baadhi yenu mtaagiza kazi, na baadhi mtaifanya. Mwagizaji na aulize kabla ya kulipa, na fundi aseme kabla ya kushika mwiko. Maneno ya kweli siku ya kwanza ni sehemu ya ujenzi, kama mawe na chokaa.